Ile Kubwa ya Nyuma, Funga

Ndara ilikuwa ya bluu, ya mguu wa kushoto, na ilikuwa na matundu tisa.

Obiero alisimama katikati ya gereji yake ya jua kali pale Kawangware 46, kikombe cha chai mkononi, akiyahesabu. Akayahesabu tena. Manane yalikuwa madogo, ya kupitisha penseli. La tisa lilikuwa pana kama kidole gumba cha mwanamume, na katika paipu zote za moshi walizokuwa wameziba tangu jana, hapakuwa na moja ya upana huo.

"Muia," akaita. "Hii kipande kubwa ulitoa hapa, uliziba nayo nini?"

Muia, fundi wa waya, alikuwa ameinamia betri ya mtu mwingine. Hakugeuka hata kichwa. "Si ile kubwa ya nyuma? Ile uliniambia nifunge."

"Ulifunga aje?"

"Nikaziba mdomo na ndara, halafu nikarudisha paipu juu yake, nikakaza na klipu. Kazi safi, maze. Si uliskia hata ule mlio umeisha?"

Chai ikamwagikia Obiero kwenye suruali na hakuihisi.

"Yawa," akasema polepole. "Hiyo ni ya breki."

Sasa ngoja nikueleze ndara na breki zinakutania wapi, usije ukamwona mtu mzima anahangaikia kiatu cha kuogea ukacheka. Mzee Fadlalla wa Kibera, Mnubi, mtu wa nyumba za kupangisha na maneno machache, alikuwa na gari refu jeusi la Kimarekani. Alilinunua kwenye mnada ubalozi mmoja ulipolichoka, usukani kushoto, viti vya ngozi, na mtaa mzima ukaliita Balozi. Injini yake ilikuwa imevikwa madude ya kusafisha moshi: pampu ya kupuliza hewa, vali ya kurudisha moshi ndani, vipaipu vyembamba vilivyosukanasukana, na huko chini kopo la chuma la kuuchuja moshi kabla haujatoka. Huko kwao gari lilikunywa petroli safi. Petroli yetu ya miaka hiyo ya tisini ilikuwa na risasi, yaani yale madini, si ya bunduki, na risasi ikaliua lile kopo kidogo kidogo mpaka likaziba. Balozi likawa linapanda kilima likipumua kwa shida kama mgonjwa wa pumu.

Na lilikuwa na kilima cha kupanda, tena mlima. Ruweida, kitinda mimba wa Fadlalla, ndoa yake ilifungwa Ijumaa msikitini, na Jumamosi alikuwa apelekwe kwa mumewe Eldama Ravine, ndani ya Balozi, msafara nyuma yake. "Toa takataka zote za moshi," Fadlalla alisema. "Nataka lipande kama lilivyokuwa likipanda wakati wa wenyewe."

Basi wakatoa. Walikata kopo la chini wakaweka bomba tupu. Wakang'oa pampu na vali. Kila kipaipu kilipotoka kiliacha tundu linalonyonya hewa, na kila tundu lilitaka kuzibwa, kwa hiyo Obiero akatoa ndara yake ya kuogea, akanoa mdomo wa kipande cha bomba kiwe cha kutobolea, na Muia akawa anachonga vizibo. "Hii hapa, funga," Obiero anasema. Muia anaziba. "Na hii, funga." Muia anaziba. Manane.

Jumamosi asubuhi Fadlalla alifika na mwanawe Ilyas kuchukua gari, na injini ilikuwa ingali inalialia mahali. Obiero alichomoa paipu nene inayotoka nyuma ya injini, akatega sikio, akaona si hapo. Wakati huohuo Fadlalla akamshika bega.

"Obiero, Amondi wako atapanda Balozi. Atakaa na bibi harusi kiti cha nyuma. Ruweida amekataa mtu mwingine."

Amondi alikuwa binti yake wa kwanza. Yeye na Ruweida walikuwa wamekua mlango kwa mlango kule Kibera, wakila sahani moja, tangu hawajaota meno ya mbele. Na sasa mtoto wa mpangaji tu wa Kibera anapanda gari la balozi kiti kimoja na bibi harusi! Obiero alivimba kichwa, mimi simfichi. Alimgeukia mzee kumshukuru, na huku amegeuka akapunga mkono nyuma akamwambia Muia, "Ile kubwa ya nyuma, funga!"

Kwa fundi wa injini, kufungua ni kutoa na kufunga ni kurudisha. Injini hufunguliwa, injini hufungwa. Obiero alimaanisha rudisha paipu mahali pake. Lakini Muia ni mtu wa waya, na kwa siku nzima neno hilo lilikuwa na maana moja tu mkononi mwake. Akachonga kizibo cha tisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema neno juu ya mtu anayeziba pasipo ufa.

"Lakini si Ilyas ameendesha vizuri?" Muia alikuwa amesimama sasa, uso umempauka. "Hata amefunga breki hapo kwa geti, ikashika."

"Itashika. Hapo ndio shida, itashika!"

Kwani gari zito namna ile halisimamishwi na mguu wa mtu peke yake. Liko kopo lingine, jeusi, kama sufuria mbili zilizofunikana, linalovuta pumzi ya injini na kuusaidia mguu kusukuma. Paipu ile nene ndiyo koo lake. Ndara ni sponji, pumzi ilikuwa ikipenya, ila kwa tone. Mjini, mtu anakanyaga, anaachia, anangoja lori lipite, na kopo linajaza kifua taratibu. Lakini mteremko wa Mai Mahiu, njiani kwenda Eldama Ravine, haumpi mtu nafasi ya kupumua. Kona baada ya kona, breki baada ya breki, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili hewa tupu mpaka chini bondeni. Kopo lingekauka kwenye kona ya nne au ya tano, na pedeli lingekuwa jiwe.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Msafara ulikuwa uondoke Kibera saa tatu na nusu.

Obiero alikimbia kwenye kibanda cha simu cha stendi na kukuta waya unaning'inia bila mkono wa kushikia, walishauiba. Akarudi mbio. Ndani ya gereji palikuwa na gari moja tu lenye uhai, pikapu ya Wagaki, mama wa viazi, aliyekuja kuchukua gari lake na alikuwa amekaa kwenye tairi akimenya chungwa. Breki zake Obiero alikuwa amezifunga jana jioni kwa mikono yake mwenyewe, kufunga kwa kweli.

"Wagaki, nipe gari. Mtoto wangu anakufa."

Mama yule alimtazama mara moja tu machoni. Akarusha funguo. "Enda! Maneno tutaongea ukirudi."

Ngong Road ya Jumamosi unaijua. Obiero aliogopa foleni ya Dagoretti Corner, akakata kupitia Kilimani, akazunguka huku na huku kwa wenye mabustani, na Muia kando yake ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Walipoingia Kibera upande wa Makina, saa ya mkononi ilisema tatu na dakika arobaini. Uwanja wa Fadlalla ulikuwa umetapakaa maganda ya karanga na maua ya karatasi. Shangazi yake bibi harusi, Nuria, alikuwa akikunja mkeka.

"Wameshaenda, fundi! Umechelewa pilau."

"Wamepita wapi?"

"Barabara ya Naivasha. Fadlalla alisema wapitie kwako Kawangware, wakupigie honi uone kazi yako ilivyopendeza." Halafu akauona uso wake. "Kuna nini? Fundi, kuna nini?"

Yeye na Muia wangekaa tu kwenye tairi na Wagaki wakimenya machungwa, Balozi lingewajia lenyewe hadi mlangoni. Obiero alijiuma mkono, akauma kweli, alama za meno zikabaki.

Muia akasema, "Boss, niue tu."

"Nyamaza, Muia. Angalia barabara."

Na wakaenda. Uthiru, Kikuyu, Rironi, pikapu ikilia kwa gia ya tatu kwenye vilima, mshale wa joto umepanda. Kila walipoona gari jeusi mbele moyo wa Obiero uliruka, na kila mara lilikuwa la mtu mwingine. Alikuwa akiomba kwa Kijaluo na kutukana kwa Kiswahili, sentensi moja hiyo hiyo. Tumaini lake lilikuwa hili: msafara wa harusi hauendi mbio. Unapiga honi, unapunguza mwendo kwenye kila soko ili watu waone. Lakini Balozi jipya lile, lililotolewa takataka zote, lilikuwa linapanda kama halina uzito. Alilifungua pumzi yeye mwenyewe na akalisifia mwenyewe. Laiti kazi ingekuwa mbovu, lingekuwa limekwamia Kikuyu linatoa moshi, na watu wote wazima.

Waliuona msafara pale barabara inapoanza kuporomoka. Magari saba, maua kwenye vioo, na mbele kabisa mgongo mrefu mweusi ukiingia kona ya kwanza. Kwenye kioo cha nyuma Obiero akaona kilemba cha manjano. Alikijua. Alikuwa amekaa sebuleni juzi akimwangalia Amondi akikishona.

Taa nyekundu za Balozi zikawaka. Moja, akahesabu.

Akaanza kuyapita magari ya msafara, moja, mawili, watu wakampigia vigelegele wakidhani fundi amekuja kusindikiza. Taa zikawaka tena. Mbili. Lori la mchanga likatokea kwenye kona likipanda, ikabidi ajibanze kati ya magari mawili ya harusi, mwenye gari la nyuma akamtukana kwa honi. Tatu. Alipotoka tena upande wa kulia, zilikuwa zimewaka mara ya nne na hazikuzimika. Zilikaa zikiwaka, na gari halikupungua mwendo.

"Imeisha," akasema. "Pumzi imeisha."

Akakanyaga mafuta mpaka sakafuni. Pikapu ikafika ubavuni mwa Balozi. Usukani wa gari lile ulikuwa kushoto, kwa hiyo aliyekuwa dirishani upande wao alikuwa Mzee Fadlalla, kofia nyeupe kichwani, mkanda wa nyimbo za harusi ukilia ndani. Mzee aliwaona. Akatabasamu, akawapungia mkono!

"Breki!" Muia alipiga kelele, nusu ya mwili nje ya dirisha. "Mzee, breki! Ngoja, hapana, mwambie Ilyas aweke gia ya chini! Gia!"

Fadlalla akatega sikio kwa mkono, bado anatabasamu. Ng'ambo yake, kwenye usukani, Obiero akamwona Ilyas. Kijana alikuwa amejisukuma kwenye kiti, miguu yote miwili juu ya pedeli, shingo imetoka mishipa, na mkono mmoja unapapasa katikati ya viti kutafuta handibreki ambayo haikuwepo, maana gari hilo handibreki yake ni ya mguu, na nani angekumbuka hilo wakati kama huo? Alikuwa hajawaambia wengine. Kiti cha nyuma walikuwa wanaimba.

Kona iliyofuata ilikuwa ile kali, iliyo juu ya kanisa dogo la kando ya barabara. Obiero aliiona, na akaona basi likianza kuchomoza huko chini likipanda. Hakufikiri, au alifikiri haraka kuliko ninavyoweza kusimulia. Alivuta pikapu mbele ya Balozi, akaingia upande wake, basi likapita likimfokea kwa honi ndefu, akaweka gia ya pili, injini ikalia, na akaachia mwendo upungue taratibu, akitazama kioo tu, mpaka pua nyeusi ikajaza kioo chote.

"Shika!"

Kishindo. Kibao cha nyuma cha pikapu kikakunjika. Muia akagonga dashibodi kwa paji la uso. Obiero akawa sasa amebeba uzito wa magari mawili mgongoni, na akakanyaga breki za Wagaki, si kwa pupa, kwa kubembeleza, akizinong'oneza kama mtu anayebembeleza ng'ombe asipige teke. Harufu ya kuungua ikapanda. Mawe ya kando yakaanza kugonga chini. Tairi la kushoto likaingia mtaroni, upande wa mwamba, Mungu ni mkubwa, upande wa mwamba. Na magari yote mawili yakasimama, hatua kumi kutoka kwenye kona.

Nyimbo zilikuwa bado zinalia ndani ya Balozi. Mtu akazizima.

Obiero alishuka. Hakumtazama mtu. Alienda moja kwa moja akafungua boneti, akalegeza klipu, akachomoa paipu nene, na kwa koleo akatoa kidude cha bluu. Alipogeuka, Fadlalla alikuwa nyuma yake, kofia imemtoka, na Ilyas amekaa chini kwenye changarawe. Bibi harusi na Amondi walikuwa wameshikana mikono kando ya mlango. Watu wa magari mengine walikuwa wakija mbio.

Mzee alinyoosha kiganja. Obiero akakiweka kile kipande humo.

"Hii ni nini?"

"Ndara, Mzee."

"Ndara ya nani?"

Muia alifungua mdomo. Damu ilikuwa ikimtiririka juu ya jicho na alikuwa ameshapiga hatua moja mbele. Obiero aliweka mkono kifuani pake akamrudisha.

"Ndara ni yangu, na neno ni langu. Nilisema funga, nikamaanisha rudisha. Aliyesikia alisikia ziba. Nilikuwa nimekupa wewe uso, injini nimeipa kisogo. Ningegeuka tu nione, Mzee. Sikugeuka."

Fadlalla alikigeuza kile kipande kati ya vidole, kidogo hivyo, chepesi hivyo.

"Jana binti yangu alifunga ndoa," akasema. "Leo wewe ukamfungia breki."

Hakuna aliyecheka. Obiero aliona ni afadhali angepigwa kofi.

"Tulipita kwako," mzee akaendelea. "Tulipiga honi. Niliwaambia watoto, huyu ni fundi wa kweli, huyu ni mtu wetu."

"Nilikuwa nimewafuata Kibera, Mzee."

"Naona." Akaitazama pikapu, mgongo wake uliokunjamana, na gurudumu mtaroni. Akakitia kile kipande mfukoni mwa kanzu. Halafu akaenda akachomoa funguo za Balozi na kumtupia Obiero, zikampiga kifuani. "Rudisha paipu. Utatushusha wewe. Na Amondi atakaa pale pale alipokuwa."

Obiero alitaka kusema la. Alitaka kusema Amondi apande gari la nyuma, kuna nafasi, na alijua pia kwamba akilisema hilo amejihukumu mwenyewe mbele ya watu wote. Akairudisha paipu. Akakaza klipu, akaivuta kwa nguvu, akaikaza tena. Akawasha injini, akakanyaga pedeli mara kumi mfululizo, ikashuka laini mara zote kumi. Akamtaka Muia akanyage, yeye akalala chini ya gari kuangalia magurudumu. Watu walisimama kwenye jua wakingoja, na hakuna aliyemharakisha.

Alipoinuka Amondi alikuwa mbele yake. Kilemba cha manjano kilikuwa kimeteleza upande mmoja.

"Baba, iko sawa?"

Maishani mwake alikuwa amewaambia wateja mia neno hilo, iko sawa, huku akipangusa mikono, kabla hata boneti haijashuka. Safari hii akaliacha.

"Nimeangalia kwa macho yangu," akasema. "Paipu iko mahali pake. Ndani hakuna kitu. Ukitaka kupanda la nyuma, panda, sitakasirika."

Amondi akainua pindo la gauni, akazunguka, na akaingia kiti cha nyuma kando ya Ruweida, pale pale alipokuwa.

Obiero akakaa nyuma ya usukani, upande asiouzoea. Mbele yao bonde lote lilikuwa wazi. Mzee Fadlalla akaketi kando yake, akavaa kofia, akatazama mbele.

"Milango imefungwa?" mzee akauliza.

"Imefungwa," wakajibu wote wa nyuma kwa pamoja.

Obiero alizima injini. Akashuka, akalizunguka gari lote polepole, na akausukuma kila mlango kwa mkono wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.